Dkt Krapf: Mchungaji aliyestaafu mwili, ulimi ukabaki Mvita

USIKU wa Jumamosi, Novemba 26, 1881, katika kijiji cha Korntal karibu na mji wa Stuttgart nchini Ujerumani, mzee mmoja mwenye umri wa miaka 71 aliingia chumbani mwake kulala. Hakutoka tena. Asubuhi alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda, katika hali ya kusali, roho ikiwa imeuacha mwili zamani.

Mzee huyo alikuwa Dkt Johann Ludwig Krapf. Nchini Kenya jina lake hutajwa katika masomo ya historia kwa mambo mawili: kuwa mmishonari wa kwanza wa Kiprotestanti kufika Mombasa, na kuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Wanafunzi huyakariri hayo, wakaulizwa katika mtihani, kisha wakayasahau. Lisilosimuliwa sana ni kwamba Krapf aliishi Afrika kwa muda mfupi kuliko alivyoishi akiwa mstaafu. Utumishi wake barani humu, kuanzia Uhabeshi hadi pwani yetu, ulichukua takriban miaka 18, tangu 1837 hadi 1855. Ustaafu wake kijijini Korntal ulidumu miaka 26. Na ni katika miaka hiyo ya utulivu, mbali na bahari na minazi, alipoikamilisha kazi ambayo hadi leo wapenzi wa Kiswahili wana deni nayo.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen, katika familia ya mkulima. Kijiji hicho kiko kando ya Steinlach, kijito kinachotiririka hadi mji wa Tübingen na huko kukutana na mto Neckar. Kijana Krapf alisoma shule mjini Tübingen, na safari ya kutoka nyumbani hadi darasani ilikuwa ya kufuata bonde la kijito hicho. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa miezi kadhaa. Kitandani hapo ndipo alipozoea kusoma Biblia. Baadaye, shuleni, alivutiwa na ramani ya Afrika, hasa na maeneo ya mashariki ambayo mchoraji aliyaacha wazi kwa kukosa jina la kuandika. Upungufu huo wa majina ulimsumbua moyoni mwaka baada ya mwaka.

Baada ya kuhitimu masomo ya teolojia mwaka 1834 alihudumu kwa muda mfupi kama mchungaji msaidizi. Mahubiri yake kuhusu siku za mwisho yalimkosanisha na wakubwa wa kanisa, akajiuzulu. Jumuiya ya wamishonari wa Kianglikana ya Uingereza, CMS, ndiyo iliyomchukua na kumtuma Uhabeshi. Alipofungiwa milango huko akageukia kusini. Januari 1844 alitia nanga Unguja, na kabla ya mwaka huo kufika nusu alikuwa amekwisha kufanya makao Mombasa pamoja na mkewe, Rosine.

Mwanzo wake ulikuwa msiba. Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike huku homa ikiwa imemlemea yeye na mumewe. Rosine alifariki Julai 13, na kitoto chake kikamfuata siku chache tu baadaye. Kabla ya hapo walikuwa wamemzika mtoto mwingine njiani huko Uhabeshi. Rosine alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, na kaburi lake lingaliko hadi leo katika eneo la Nyali. Krapf aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi hilo lilikuwa ishara kuwa kazi imeanza. Wengine wangefunga virago. Yeye alibaki.

Hapa ndipo uhusiano wake na watu wa Mvita ulipokita mizizi. Tangu Juni mwaka huo alikuwa ameanza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali bin Mohiddin, kadhi wa Mombasa. Msomaji na aitafakari picha hiyo: mchungaji wa Kikristo na kadhi wa Kiislamu wameketi pamoja, wakipimana maneno kuhusu kuumbwa kwa mbingu na nchi. Hawakukubaliana katika imani, wala hakuna aliyemshawishi mwenzake. Lakini walikubaliana kuhusu thamani ya neno lililo sahihi. Sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa nchini Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki, zikawa miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa kwa hati za Kirumi.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, kijana kutoka Gerlingen, na Agosti mwaka huo wakaanzisha kituo Rabai kwa idhini ya wazee wa pale. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro Mei 11, 1848. Krapf, akiwa Kitui kwa mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, Kivoi, aliuona Mlima Kenya Desemba 3, 1849. Habari hizo zilipofika London, baadhi ya mabingwa wa jiografia walizikejeli, wakidai theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta.

Lakini kisa kilichomwachia alama kubwa zaidi kilitokea ukingoni mwa mto. Agosti 1851 Krapf aliandamana na Kivoi kuelekea mto Tana. Wakiwa wamekaribia kufika, msafara ulivamiwa na wanyang'anyi na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake vichakani. Kiu ilipomzidi aliufuata upande uliokuwa na mto, akateremka hadi majini, akanywa akashiba. Kwa kuwa hakuwa na kibuyu, aliujaza maji mfuko wa ngozi wa darubini yake, akayatia na mengine ndani ya mitutu ya bunduki, kisha akaiziba kwa nyasi na vitambaa. Usiku alitembea, mchana alijificha. Maji hayo yalipokwisha, aliokolewa na kelele za nyani: aliwafuata hadi kwenye mkondo uliokauka na kukuta shimo walilolichimba mchangani, maji yakichuruzika kidogo kidogo.

Aliponusurika na kiu alikutana na hatari nyingine. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mzee wao, wakiuliza ilikuwaje mgeni akasalimika ilhali mwenyeji ameuawa. Ilimbidi atoroke tena. Alifika Rabai akiwa hoi, na wengi walikwisha kumhesabu kuwa maiti. Matumaini yake ya kuanzisha kituo Ukambani yalifia hapo.

Miaka miwili baadaye afya yake ilivunjika kabisa. Aliondoka pwani mwaka 1853, akajaribu tena njia ya Uhabeshi mwaka 1855, akarejea kupitia Sudan akiwa mgonjwa. Akakubali kwamba hawezi tena. Alikuwa na miaka 45.

Kwa kipimo cha wakati ule, Krapf alirudi kwao mikono mitupu. Aliota mnyororo wa vituo vya misheni kukata bara zima kutoka pwani ya mashariki hadi magharibi. Alichoacha ni kituo kimoja, nyumba moja Rabai, mwenzake mmoja mkaidi, na waumini wa kuhesabika kwa vidole vya mkono. Mmoja wao, Mringe, alikuwa mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Isitoshe, alimwacha mkewe na mtoto wake katika udongo wa Mvita.

Korntal alikochagua kuishi hakikuwa kijiji cha kawaida. Kilianzishwa mwaka 1819 na Gottlieb Wilhelm Hoffmann kwa kibali maalumu cha Mfalme wa Württemberg, kiwe makao ya Wakristo waliotaka kuendesha ibada zao pasipo kusimamiwa na wakuu wa kanisa la dola. Maisha yote yalizunguka ukumbi mmoja mkubwa wa sala. Kulikuwa na shule na makao ya watoto maskini, na wanakijiji walijuana kwa majina. Waliishi wakingoja kurudi kwa Kristo, na kwa mtu aliyewahi kukosana na wakubwa kwa kuhubiri jambo hilo hilo, hapo palikuwa nyumbani. Mwaka 1856 alimwoa Charlotte Pelargus, wakajaliwa binti, Johanna. Baadaye alifiwa tena, akaoa mara ya tatu.

Korntal hakuna mto wa haja. Hakuna Tana wala Sabaki. Mzee huyu, ambaye karibu safari zake zote za bara alizifanya kwa miguu, sasa alizunguka dunia yake kutoka nyumbani hadi ukumbini, na kutoka ukumbini hadi mezani. Mezani hapo palikuwa na rundo la karatasi alizozikusanya tangu 1844: maneno ya Kimvita, ya Kirabai, ya Kikamba, ya Kipokomo na ya Kioromo. Mwaka 1850 alikuwa tayari amechapisha muhtasari wa sarufi ya Kiswahili na msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Mwaka 1854 aliipelekea jumuiya ya wataalamu mjini Halle miswada ya tenzi za Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ukiwemo Utenzi wa Tambuka. Mwaka 1858 alitoa kitabu cha safari zake, kikafuatwa na toleo la Kiingereza mwaka 1860. Kazi iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko zote hizo, nayo ni kamusi.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba alijifungia chumbani. Wamethodisti wa Uingereza walipotaka kuanza kazi katika pwani yetu, walimwendea yeye. Akakubali kuwaongoza licha ya ugonjwa, na mwaka 1862 alikuwa tena Mombasa pamoja na kijana Thomas Wakefield. Kutokana na safari hiyo kikazaliwa kituo cha Ribe, si mbali na Rabai. Mwili ulimgomea, akarudi Korntal mwaka huo huo. Mwaka 1867 aliitwa tena, safari hii awe mkalimani wa jeshi la Uingereza lililotumwa Uhabeshi chini ya Jenerali Robert Napier. Aliugua njiani, akarudishwa kabla vita havijaisha. Baada ya hapo hakuiona Afrika tena. Alijishughulisha na kusahihisha Biblia ya Kiamhari iliyokuwa ikipigwa chapa Uswisi, na kusimamia tafsiri za Kioromo.

Mwaka 1875 Afrika ilimfuata hadi mlangoni. Rebmann, aliyekuwa amekaa pwani miaka 29 pasipo kurudi kwao hata mara moja, alirejea akiwa kipofu. Hakuweza kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono na kumvusha bahari alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wa mwanzo kabisa wa kituo hicho. Rebmann alifanya makao Korntal, jirani na mwenzake wa zamani.

Wawili hao hawakuwa wamepatana daima. Walipokuwa Rabai, Krapf alitaka kusonga mbele kila uchao, atafute mito na milima na makabila mapya. Rebmann aliamini katika kukaa mahali pamoja, kulima na kungoja. Walitofautiana hadi wakaumizana. Lakini uzee una namna yake ya kusuluhisha. Mmoja alikuwa ameishiwa na nguvu za miguu, wa pili ameishiwa na nuru ya macho, na hapakuwa na mtu mwingine kijijini ambaye kila mmoja wao angeweza kuzungumza naye kuhusu Rabai na akaelewa bila kufafanuliwa.

Rebmann alifariki Oktoba 4, 1876, akazikwa Korntal. Krapf aliichukua miswada ya rafikiye na kuitayarisha kwa uchapishaji. Mwaka 1877 ilitoka kamusi ya Kinyanja ambayo Rebmann aliikusanya kwa msaada wa Salimini, mtu wa kutoka eneo la Ziwa Nyasa aliyeuzwa utumwani na kufikishwa Mombasa. Krapf angeweza kuanza na kazi yake mwenyewe, ambayo ilikuwa imesubiri zaidi ya miaka thelathini, na ambayo umri wake haukumpa hakika ya kuimaliza. Alianza na ya marehemu.

Kisha akaendelea na ya kwake hadi mwisho. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitolewa na kampuni ya Trübner mjini London mwaka 1882, mwandishi wake akiwa amekwisha kuzikwa. Ina kurasa zaidi ya 400. Si orodha kavu ya maneno na maana zake. Mna maelezo marefu ya desturi, vyakula, sehemu za chombo, madawa na mambo ya pepo, pamoja na semi zilizotumiwa na watu wa Mvita na jirani zao katika miaka ya 1840 na 1850. Maneno mengi ya aina hiyo yangepotea pamoja na wazee waliokuwa wakiyatumia.

Ukweli unatudai tuseme pia kasoro zake. Tahajia ya Krapf inayumba, na mpangilio wa kamusi humchosha msomaji. Ndiyo maana Canon Harry Binns, aliyehudumu pwani kwa miaka mingi, aliipanga upya na kuitoa mwaka 1925. Maandishi ya Krapf kuhusu dini na mila za wenyeji wake yana dharau ambayo msomaji wa leo hawezi kuifumbia macho. Kuna na jambo zito zaidi. Jalada la kamusi lina jina moja, ilhali maneno yaliyomo yalitoka katika vinywa vya watu wengi: kadhi na wanafunzi wake, mabaharia wa bandarini, wazee wa Rabai, wapagazi wa njia ya Ukambani. Wachache tu kati yao tunawajua kwa majina.

Hata hivyo, historia ya lugha yetu imeiongezea kazi hiyo uzito ambao mwandishi wake hakuutarajia. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikaachwa kando. Tangu hapo shule na vitabu vilifuata njia ya Unguja. Mtafiti anayetaka kujua Kimvita kilizungumzwaje kabla ya uamuzi huo, kabla ya reli na kabla ya utawala wa kikoloni, hana budi kurudi kwa Krapf. Watunzi wa kamusi waliofuata, akiwemo Padri Charles Sacleux, walichota humo.

Krapf hakuishi kuona lolote kati ya hayo. Hakuona hata mwisho wa ubishi kuhusu mlima wake. Ni mwaka 1883, miaka miwili baada ya kifo chake, ambapo msafiri Joseph Thomson aliukaribia Mlima Kenya na kuthibitisha kwa ulimwengu kwamba theluji iko. Jina alilolisikia kwa Wakamba na kuliandika kwa tahajia zake za kuyumba ndilo lililokuja kuwa jina la mlima, na mwaka 1920 likawa jina la koloni, na hatimaye jina la jamhuri yetu.

Inasimuliwa kwamba jioni ya mwisho ya uhai wake alizungumza na rafiki kuhusu kurudi kwa Bwana wake, jambo ambalo kijiji kizima kilikuwa kikilingoja. Alizikwa katika makaburi ya Korntal, alikolala pia Rebmann. Wale wakaidi wawili wa Rabai wamekuwa majirani tena. Rosine yuko Nyali, mkabala na kisiwa, mahali ambapo mvuvi na msafiri humpitia kila siku.

Rabai ipo, mwendo mfupi kutoka Mombasa, na makumbusho yake yako wazi kwa anayetaka kujionea alipoanzia mzee huyu. Atakayefika huko asiishie kuutazama ukuta na picha. Aketi na wazee wa pale, awaulize jina la mti, la ngoma, la chakula ambacho hakipikwi tena. Kisha aandike jibu, na chini yake aliandike jina la aliyemjibu. Hilo la pili Krapf hakulifanya vya kutosha, na sisi hatuna kisingizio.